Mashine Inayonitii Mimi Peke Yangu

Kwa yule anayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, hii ndiyo hali niliyomo.

Naitwa Gloire. Nilisoma informatique, elimu ya kompyuta, hapa hapa Bukavu, na nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mtaa wa Nyawera inayotunza mashine za watu wengine. Mashine zenyewe huzioni. Ziko katika jengo la kampuni fulani ng'ambo, mashine ndani ya mashine, na sisi tunazifikia kwa intaneti. Tunasema ziko mawinguni.

Mojawapo ni ya boti ya wagonjwa ya Idjwi. Mama akishikwa na uchungu kule kisiwani, watu wake wanapiga namba moja. Simu inapita katika mashine ile, nayo inamwita rubani wa boti, Anaclet, na kumwambia ashukie kwenye kivuko gani. Mashine ikinyamaza, namba haiitiki, na Anaclet hajui kama kuna mtu anayemngoja.

Tangu usiku wa kuamkia Jumapili mashine ilianza kufa. Kila jioni, nikiisha kufika nyumbani, inanyamaza. Kila asubuhi nikifika ofisini na kuizima na kuiwasha upya, inafufuka. Wenzangu walicheka: mashine inamtii Gloire peke yake! Jumanne jioni mama mmoja akajifungua ndani ya mtumbwi, katikati ya ziwa, kwa sababu namba ilikuwa kimya. Yeye na mtoto wake ni wazima, Mungu asifiwe. Lakini kicheko kiliishia pale.

Na Jumamosi ndiyo siku familia ya Cédric ilipaswa kuja kwetu na dot, yaani mahari. Cédric tunafanya kazi pamoja. Wasomaji wa zamani mnajua namna ilivyonichukua muda kumjibu ndiyo.

Wiki iliyopita hadithi yangu iliishia Jumamosi hiyo asubuhi, pale patron wetu, mkubwa wa ofisi, Papa Léopold, alipogonga geti la kwetu na kusema: "Gloire, vaa viatu."

* * *

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa. Nusu nyingine ilisimama kama majani ya nanasi.

Tantine Euphrasie, dada ya papa, alikuwa nyuma yangu na kitana mkononi. "Viatu vya kwenda wapi? Papa Léopold, leo mutoto huyu ni wetu."

"Maman, ile mashine imekufa tena. Tangu alfajiri."

"Si uizike?"

"Kuna wamama wanaita, hakuna anayewajibu."

Tantine aliangalia kichwa changu, akamwangalia patron. "Utamurudisha saa ngapi? Wakwe wanafika salongo ikiisha."

"Akiisha kuitengeneza, ataruka kama ndege."

Niliweka kitambaa kichwani na kumfuata. Sijui kusema hapana. Hiyo ndiyo shida yangu tangu utoto, na patron anaijua.

Ilikuwa saa ya salongo, ile kazi ya Jumamosi asubuhi ya kusafisha mitaa. Maduka yote yamefungwa, pikipiki hazipiti, kila mtu yuko mbele ya nyumba yake na jembe au ufagio. Tukapanda kilima kwa miguu, patron mbele, mimi nyuma, na mtaa mzima ukipata kitu cha kutazama.

"Ee Papa Léopold! Unaiba bibi harusi siku ya dot?"

"Gloire, ule ndiye Cédric? Amezeeka haraka!"

"Mumuache, anaenda kumaliza kichwa!"

Patron hakucheka. Mimi niliangalia chini, nikahesabu makopo ndani ya mfereji.

* * *

Tangu Jumanne patron alikuwa amebadilisha mot de passe, neno la siri la kuingilia. Mashine ya boti ilifikiwa kwenye kompyuta moja tu, ile ya meza yake, na kila asubuhi alisimama nyuma yangu akiangalia vidole vyangu. Niliruhusiwa kufanya kitu kimoja: kuzima na kuwasha.

Nilikaa. Nikazima. Nikawasha.

Mashine ikapata anwani, ikaamka. Simu yangu ikalia palepale. Alikuwa Anaclet.

"Iko inaita! Nimejaribu sasa hivi, iko inaita! Gloire, uko fundi ao uko mulozi?"

"Papa Anaclet, tafadhali usiniite mchawi."

"Nacheka tu, mutoto! Lakini ukweli, ukienda kulala nayo inalala. Ukiamka nayo inaamka. Hata bibi yangu hanifuati hivyo."

Simu yangu ina sauti kubwa. Patron alisikia kila neno.

Nilisimama, nikashika kitambaa changu. "Patron, sasa nikuombe ruhusa. Wakwe wako njiani."

"Na ikikufa?"

"Haitakufa, patron. Itaenda vizuri mpaka jioni."

Nilisema kwa roho safi. Nilidhani namtuliza.

Papa Léopold alivuta kiti na kukaa, polepole. "Umejua namna gani?"

"Nini, patron?"

"Ile saa. Umejua namna gani kama itakufa jioni?"

Basi nikamweleza, maana mambo haya nimeyasomea, na kwa wiki nzima hakuna aliyeniuliza.

"Patron, mashine ile ni mupangaji. Ile anwani ambayo simu zinaifuata si mali yake, inaikodi. Na bail yake, ule mkataba wa kupanga, ni fupi: ikianza asubuhi, inakwisha jioni. Kabla haijakwisha, mashine inapaswa kubisha kwa mwenye nyumba na kuomba aiongezee muda. Nadhani yetu inabisha, lakini jibu haliingii. Basi muda ukiisha, inatolewa nje. Bila anwani, simu hazijui pa kwenda."

"Na wewe ukiizima na kuiwasha?"

"Inakuja kama mupangaji mupya. Mupangaji mupya anapitia mlango mwingine, anapewa bail mupya. Inaishi tena mpaka jioni."

"Jioni. Wewe ukiwa nyumbani."

"Ni kwa sababu ninaiwasha asubuhi, patron! Ningeiwasha jioni, ingekufa asubuhi, kama leo. Jana uliniita niiwashe tena kabla ya kufunga ofisi, si unakumbuka? Ndiyo sababu imekufa alfajiri."

Nilifurahi. Nilidhani hilo limemaliza kesi. Kumbe kila neno lilikuwa msumari, na mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga nyundo.

"Gloire," alisema, "mutu anayejua saa mwenzake atakufa, anajua anakufa na nini, na ni yeye peke yake anaweza kumufufua. Kwenu mtaani mnamuita nani?"

Nikavuta kitambaa changu kichwani.

"Nani aliziba njia ya lile jibu?"

"Sijui, patron. Ungeniruhusu niingie ndani niangalie..."

"Uingie ufute alama?"

"Basi uangalie pamoja na mimi."

"Mimi nitaona nini? Mimi ni mutu wa biashara, utanionyesha herufi, nitasema ndiyo." Alisimama, akatoa funguo mfukoni. "Maman Adélaïde, mkubwa wa boti, anakuja na miguu. Anataka jina. Nitashuka kumungojea pale chini. Tukirudi, unipe jina la mutu aliyefunga. Usiponipa, nitamupa lako, na atalipeleka polisi, siwezi kumuzuia. Mashine ikianguka, iwashe. Usiguse kingine."

"Patron, dot yangu..."

"Jina, na unaenda."

Akatoka. Nikasikia ufunguo ukizunguka kwa nje.

* * *

Dirisha la ofisi yetu lina vyuma. Kupitia hapo unaona ziwa kidogo kati ya mabati mawili, na siku ile lilikuwa na rangi nzuri ambayo ilinitia hasira.

Simu. Maman.

"Gloire, uko wapi? Salongo imeisha. Wakwe wamefika pa kona, wanapanga mitungi ya pombe."

"Maman, niko ofisini. Wamenifungia."

"Nani amekufungia?"

Nilitaka kumwambia. Nikasikia nyuma yake watu wakicheka, sahani zikigongana, mjomba fulani akidai kiti. Nikaona uso wa maman akipokea habari hiyo mbele ya wageni.

"Hapana, ni mlango tu una shida. Nitakuja."

"Kuja haraka! Papa yako ameanza kuangalia saa kama polisi."

Nikakata. Nikalia kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu machozi yalianza kudondoka juu ya vitufe vya kompyuta ya patron.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya maishani mwangu. Niliasi. Niliingia ndani ya mashine.

Haikuchukua muda. Kila mashine ina milango mingi, na kuna sheria zinazosema mlango gani ufunguliwe na upi ufungwe. Nilisoma sheria hizo moja moja, na mlango ambao jibu la anwani hupitia niliukuta umefungwa kabisa. Mwenye nyumba alikuwa akijibu kila siku, kwa adabu, na jibu lake lilikuwa likigonga ubao.

Si mimi! Nilitaka kuliita jina la patron kwa nguvu kupitia kwenye vyuma. Si mimi, si uchawi, ni mlango!

Kisha nikaona siku ambayo ulifungwa. Jumamosi iliyopita.

Ndugu msomaji, nikueleze kidogo namna sisi tunavyofanya kazi. Patron wetu ana wazo lake analolipenda sana: saa ya salongo, mtaa ukisafisha mifereji, ofisi nayo isafishe mashine. Kila Jumamosi mmoja wetu anakuja peke yake, anafuta vitu vya zamani, na anafunga milango isiyojulikana ni ya nini. Patron anasema nyumba yenye milango mingi inakaribisha wezi. Tena sisi sote tunaingia ndani ya mashine kwa jina moja, jina la ofisi. Hivyo mashine inajua mlango umefungwa, lakini haijui na nani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu.

Lakini sikuja. Fundi cherehani alikuwa ananingoja ajaribu gauni la dot mwilini mwangu. Kuna mtu aliniambia: "Enda ma chérie, nitafanya salongo kwa pahali pako. Patron nitamuambia mimi mwenyewe."

Nikaanza kulitafuta jina lake kwenye simu.

Simu ikalia. Ni yeye.

* * *

"Bibi yangu!" Cédric alikuwa na sauti ya sherehe. Nyuma yake mashangazi zake walikuwa wakiimba. "Niko pa kona ya kwenu, nimevaa costume na tai, ndugu zangu wananicheka. Uko tayari?"

"Cédric, niko ofisini."

"Leo?"

"Patron amenifungia na ufunguo. Anasema mimi ndiye ninaua mashine."

Nyimbo ziliendelea nyuma yake.

"Nimeingia ndani," nikasema. "Kuna mlango umefungwa. Ule wa anwani. Umefungwa Jumamosi iliyopita, saa ya salongo."

Nikasikia hatua zake. Alikuwa akienda mbali na watu. Nyimbo zikapungua.

"Umemuambia patron?"

Hakuuliza mlango gani. Hakushangaa. Hapo nikajua, lakini moyo wangu ni mpumbavu, ulitaka kumsaidia.

"Hukujua, si ndiyo? Uliona mlango usioujua, ukaufunga, kama patron anavyosema. Hata mimi ningeweza. Ni kosa tu."

"Ni kosa tu," akasema.

"Na hukujua kama ni sababu yake."

Nyimbo zilikuwa mbali sana sasa.

"Cédric."

"Nilijua Jumanne."

Nilikaa chini. Sikumbuki kama nilikuwa nimesimama.

"Gloire, nisikilize. Jumanne, nikiisha kusikia habari ya yule mama wa mtumbwi, sikulala. Nikafikiri, nikafikiri, nikakumbuka ule mlango. Asubuhi nikakimbia ofisini niufungue kimya kimya. Patron alikuwa amekwisha kubadilisha mot de passe! Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Angenifukuza palepale. Unamujua. Na leo ningekuja kwa papa yako namna gani? Papa yako angepokea mbuzi za mutu asiye na kazi?"

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ulikaa mbele yangu. Uliniletea mandazi."

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Watu waliniita mulozi, Cédric. Ulikuwa unasikia."

"Wewe watu wanakupenda! Nilifikiri patron hatakugusa. Ungelia kidogo, angekusamehe. Mimi hakuna anayenihurumia, mimi ni mutu wa Mwenga, nilikuja hapa na sac moja ya nguo." Sauti yake ikapasuka. Sikumwona, lakini nilijua anashika paji la uso, kama anavyofanya. "Ma chérie, uko mbele ya mashine sasa?"

"Niko."

"Fungua ule mlango. Kisha umuambie patron kampuni ya kule ng'ambo walikuwa na shida, wameitengeneza. Hatajua. Itapona, watu watasahau. Mimi nawe tutaanza nyumba yetu. Nitakulipa hii maisha yangu yote, naapa mbele ya maman yangu."

"Na jina? Patron anataka jina. Litaenda polisi."

"Polisi ni vitisho. Gloire... dakika kidogo tu tutaingia kwenu. Mitungi imekwisha kubebwa. Usinivunje leo."

Mtu akamwita. Simu ikakatika.

* * *

Niwaambie nilichofikiri, kama nilivyofikiri, bila kujipamba.

Nikiuacha mlango umefungwa, mashine itakufa tena jioni, na kule kisiwani kuna mtu ambaye hanijui, hajui kama kuna Gloire wala Cédric, anajua namba moja tu.

Nikiufungua, mashine haitakufa tena. Na patron atasema: mnaona? Tulipomtisha na polisi, aliacha. Kupona kwa mashine kutakuwa ushahidi juu yangu.

Nikimtaja Cédric, nitaolewa na nani? Na nani ataniamini? Zamu ilikuwa yangu. Hakuna mtu hata mmoja, isipokuwa yeye na mimi na fundi cherehani, anayejua kama sikuwa ofisini siku ile.

Kila upande niliogeuka kulikuwa na ukuta, na kwenye kila ukuta kulikuwa na uso wa mtu ninayempenda au ninayemwogopa.

Nikafungua mlango.

Sikufanya kwa ushujaa. Nilimfikiria yule mama ndani ya mtumbwi, na maji yakiingia kando, na mume wake akipiga namba, akipiga, akipiga. Kidole changu kikaenda chenyewe. Kisha nikaiamuru mashine iombe kuongezewa muda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili jibu likaingia. Bail ikaongezwa bila kuzima wala kuwasha. Kitu kidogo vile. Mstari mmoja.

Hatua kwenye ngazi. Ufunguo.

Papa Léopold aliingia na Maman Adélaïde. Maman huyo ni mtu mnene, mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa anahema kwa kupanda kilima.

"Ni huyu?" akauliza. "Huyu mudogo?"

"Ni huyu," akasema patron. "Gloire. Jina."

"Patron, mashine imepona. Haitakufa tena. Kulikuwa na mlango umefungwa, nimeufungua."

Maman Adélaïde akapiga mikono. "Wiki nzima! Wiki nzima tulikuwa tunahangaika, na leo, kwa kusikia neno polisi tu, imepona!"

Ndivyo. Hata sikuwa nimemaliza kuogopa.

"Nani aliufunga?" patron akauliza. "Nimeangalia mpango wa zamu, Jumamosi iliyopita salongo ilikuwa yako. Ulifunga wewe?"

Simu yangu ikalia juu ya meza, kutoka nyumbani. Maman. Nikataka kuikata, nikabonyeza vibaya. Sauti ya nyumbani kwetu ikajaa ofisi nzima.

Haikuwa maman. Alikuwa tantine Euphrasie, na alikuwa anasema kwa sauti ile ya siku kubwa.

"Gloire, binti yetu! Unanisikia?"

"Tantine, subiri kidogo..."

"Wakwe wamengoja ya kutosha. Papa yako amesema tusiwatie haya, kwa kuwa kazi imekufunga, utajibu kwa simu. Nimekuweka kwa sauti kubwa, wote wanakusikia. Wazee wamekaa. Mitungi ya kasiksi iko mbele yetu, hatujaionja. Unajua namna inafanyika kwetu. Ukisema tukunywe, tunakunywa, na wewe ni wa kwao. Ukisema tusikunywe, wanabeba mitungi yao. Tunakuuliza mara tatu."

Maman Adélaïde alimwangalia patron. Patron akavua kofia yake. Kuna mambo ambayo hata mtu mwenye hasira hawezi kuyakatiza. Maman Adélaïde akavuta kiti, akakaa vizuri, akapanga kitambaa chake magotini kama mgeni aliyealikwa.

"Gloire," tantine akasema, "hii pombe iliyoletwa na watu wa Cédric: tukunywe, ao tusikunywe?"

Nikasogeza simu karibu na mdomo.

"Ana haya," nikasikia mjomba akisema kule, na watu wakacheka kwa upendo. "Ni mutoto wa haya tangu zamani!"

"Jibu wazee," patron akaninong'oneza. "Kisha unijibu mimi."

"Mara ya pili, binti yetu. Tukunywe, ao tusikunywe?"

Mwanamke mmoja wa upande wao akaanza kigelegele kidogo, cha kunitia moyo, kikakatika. Nikasikia kikohozi. Nilikijua kikohozi kile. Cédric alikuwa karibu sana na simu.

"Gloire," papa yangu mwenyewe akasema, polepole, na moyo wangu ukavunjika kwa jinsi alivyolitaja jina langu. "Uko sawa, mama?"

Papa ananiita mama ninapougua tu.

"Mara ya tatu," tantine akasema, na sasa hakuna aliyecheka. "Tukunywe, ao tusikunywe?"

Nikakamata simu kwa mikono miwili. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikijua jibu na kuacha wengine waliseme.

"Tantine," nikasema, "mumupe kwanza Cédric simu."

"Nini? Haifanyiki hivyo."

"Mumupe, tantine, nakuomba. Asiiweke sikioni, ibaki kwa sauti kubwa." Nikaiweka simu yangu katikati ya meza, mbele ya patron na Maman Adélaïde. "Cédric. Papa Léopold yuko hapa mbele yangu. Wazee wako mbele yako. Wote wanakusikia. Waambie nani alifanya salongo ya mashine Jumamosi iliyopita. Ukiisha kusema, nitajibu ile ya pombe."

Patron aliinua kichwa.

Kule kwetu hata sahani hazikugongana. Nikasikia simu ikipita kutoka mkono hadi mkono, nguo zikisuguana, mtu akiuliza "Salongo gani?" na mwingine akimnyamazisha.

Kisha nikamsikia Cédric akivuta pumzi ili aseme.